Daftari la mwalimu na homa ya mafua

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma wa wilaya za Mbulu na Hanang)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya homa ya mafua: namna ya kuitambua mapema na namna ya kuizuia isienee. Mimi si daktari. Kazi yangu ni uandishi wa habari, na mwandishi anayezungumzia maradhi mbele ya hadhara yenye waganga na wauguzi hana budi kujihadhari asiseme zaidi ya yale ayajuayo. Hata hivyo nimeikubali kazi hii kwa sababu moja. Homa ya mafua, kabla haijawa jambo la dawa, ni jambo la habari. Huenea au huzuiwa kwa kadiri habari zake zinavyowahi au zinavyochelewa. Na watu wanaozipata habari hizo mwanzo kabisa, katika wilaya hizi mbili, si madaktari wa hospitali. Ni mwalimu wa darasa, ni mtendaji wa kijiji, ni karani wa ofisi, ni muuguzi wa zahanati. Ndiyo kusema ni ninyi.

UMBALI SI KINGA

Tuanze na yale yaliyotokea hapa hapa. Mwezi Aprili 2009 virusi vipya vya homa ya mafua, vilivyopewa jina la H1N1, vilitambuliwa katika nchi za Mexico na Marekani. Tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha kuwa wa dunia nzima. Mwezi huo huo wa Juni mgonjwa wa kwanza alithibitishwa nchini Kenya, na mwezi Julai akathibitishwa wa kwanza Tanzania. Kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ulikwisha kufika Mkoa wa Manyara, na wilaya za Mbulu na Hanang zikawa miongoni mwa sehemu za nchi yetu zilizokumbwa na mlipuko.

Naomba tuufikiri umbali huo. Mbulu haina bandari. Hanang haina reli. Wageni wa kutoka ng'ambo hawashuki hapa kwa ndege kila asubuhi. Lakini ugonjwa ulioanza upande wa pili wa dunia mwezi Aprili ulipanda mpaka kwenye miinuko hii mwaka ule ule. Ulifika kama ufikavyo ugonjwa wowote wa njia ya hewa: kwa basi, kwa lori la mazao, kwa mwanafunzi anayerudi likizo, kwa mfanyabiashara anayekwenda mnadani. Leo barabara ya lami inapita Katesh ikiziunganisha Singida na Babati, na ni jambo la heri. Barabara hiyo inayowahisha ngano sokoni na mgonjwa hospitali, ndiyo hiyo hiyo inayowahisha virusi. Hatuwezi tena kujifariji kwa kusema, "Sisi tuko mbali."

Historia yetu inalo somo kali zaidi. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikielekea mwisho, homa ya mafua iliizunguka dunia na kuua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50. Katika Afrika Mashariki iliingia kwa njia ya bandari, kisha ikafuata reli na njia za askari na wapagazi. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia. Watu wake wakapelekwa Tabora. Humo kambini, askari na wapagazi wa Kiafrika ambao walikwisha kuokoka miaka minne ya risasi, njaa na mwendo wa miguu, walikufa kwa wingi kwa homa ya mafua. Vita haikuwaua, waliuawa na pumzi za wenzao katika mahali walipolala wamebanana, wamechoka na hawakula vizuri. Mwalimu mwenye bweni lililojaa kupita kiasi asiisome habari hiyo kama hadithi ya watu wa zamani.

JINA LINALOTUPUMBAZA

Nadhani sehemu ya taabu yetu imo katika lugha yenyewe. Neno "mafua" tunalitumia kwa mambo mawili yasiyolingana. Mtoto akipenga kamasi asubuhi ya baridi ya Julai tunasema ana mafua. Mtu mzima akiangushwa kitandani siku tano kwa homa kali, mwili ukimuuma kama aliyepigwa, tunasema pia ana mafua. Na kwa kuwa yale ya kwanza hupita yenyewe, tumezoea kuyadharau hata haya ya pili. "Ni mafua tu," tunasema. Hilo "tu" limewachelewesha wengi kufika zahanati.

Basi tuyatenganishe. Mafua ya kawaida huanza polepole: pua huziba, chafya hutoka, koo huwasha, na mtu huendelea na shughuli zake ingawa kwa uzito. Homa ya mafua, ile inayoletwa na virusi vya influenza, huja ghafla. Mtu huamka mzima, na kabla ya jua kuzama ana homa, kutetemeka, kichwa kinamgonga, misuli na viungo vinamuuma, kikohozi kikavu kimemshika, na uchovu umemwangusha asiweze kufanya kazi. Watoto pengine hutapika au huharisha. Mzee sana au mtoto mchanga anaweza kuugua bila homa kubwa kuonekana, akawa mnyonge tu, hataki kula wala kunyonya.

Wengi hupona katika muda wa wiki moja, ingawa kikohozi na uchovu huweza kuburuta zaidi. Lakini si wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka, hata pasipokuwa na mlipuko wa namna ya pekee, homa ya mafua huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kwa maradhi ya njia ya hewa. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, na hasa wa chini ya miwili, wazee, akina mama wajawazito, na watu wenye maradhi mengine kama pumu, moyo, kisukari, kifua kikuu, selimundu au upungufu wa kinga mwilini. Mlipuko wa mwaka 2009 ulikuwa na tabia yake: inakadiriwa kuwa asilimia 80 ya waliokufa walikuwa hawajafikia umri wa miaka 65. Yaani uliwachukua watu wa umri wa kulima, kufundisha na kulea.

Ziko dalili ambazo mtu akiziona haruhusiwi kungoja kesho. Kupumua kwa shida au kwa haraka kupita kawaida. Kifua kuuma. Midomo kubadilika rangi ikawa ya samawati au kijivu. Mgonjwa kuchanganyikiwa, au kuzidiwa usingizi mpaka haamshiki kwa urahisi. Degedege. Mtoto kushindwa kunywa au kunyonya. Na dalili moja ambayo wengi huipuuza: mgonjwa aliyekwisha kupata nafuu, kisha homa na kikohozi vikarudi kwa nguvu. Mara nyingi hiyo ni nimonia inayomwingilia mtu aliyedhoofishwa na mafua, nayo huua upesi isipotibiwa. Mtu wa namna hiyo apelekwe kituo cha tiba siku hiyo hiyo, kwa pikipiki, kwa gari la kijiji, kwa machela ikibidi.

Jambo jingine linatuhusu sisi wa nchi za joto na mbu. Homa si lazima iwe malaria, na si lazima iwe mafua. Anayeugua homa na apimwe. Kumeza dawa ya malaria kwa kukisia ni kupoteza siku, na siku ndicho kitu tusichokuwa nacho. Hali kadhalika kikohozi kinachozidi wiki mbili kisisingiziwe mafua. Mtu huyo apimwe kifua kikuu.

UGONJWA UNATUTANGULIA SIKU MOJA

Sasa tuangalie jinsi ugonjwa huu unavyotembea, maana hapo ndipo ulipo ujanja wake. Aliyeambukizwa huanza kuugua baada ya siku moja mpaka nne, mara nyingi mbili. Lakini huanza kuwaambukiza wengine tangu siku moja hivi kabla hajajisikia vibaya, na huendelea kuambukiza kwa siku tano mpaka saba tangu dalili zilipoanza. Watoto huweza kuambukiza kwa muda mrefu zaidi. Anapokohoa, kupiga chafya, hata kuzungumza, matone madogo yenye virusi huruka na kuvutwa na walio karibu. Mengine huangukia mikono, meza, vitasa na vikombe, na mtu akishika hapo kisha akajigusa pua, macho au mdomo, amejipandikiza.

Maana yake ni kwamba kila tunapomwona mgonjwa wa kwanza, ugonjwa umekwisha kututangulia kwa siku moja. Tukingoja siku tatu nyingine kwa kusema "tuone kwanza", umetutangulia kwa vizazi viwili vya wagonjwa. Kwa hiyo hakuna dawa inayoweza kuchukua mahali pa kuwahi. Dawa za kupambana na virusi vyenyewe zipo, na hufaa zaidi zikianza kutumika katika saa 48 za mwanzo wa ugonjwa, kwa uamuzi wa mganga. Chanjo ipo duniani, nayo hutengenezwa upya mara kwa mara kwa sababu virusi hivi hubadilika. Lakini kijiji kilicho kilomita nyingi kutoka hospitali hakiwezi kuweka tegemeo lake lote katika vitu hivyo. Tegemeo lake la kwanza ni mtu anayeona mapema na kusema mapema.

Ndiyo maana nimekuja kuzungumza nanyi juu ya daftari.

DAFTARI LA MAHUDHURIO

Shule ya msingi ni mahali ambapo vitongoji vyote vya kijiji hukutana kila asubuhi. Mtoto wa mlimani na mtoto wa bondeni, wa mkulima wa Kiiraqw na wa mfugaji wa Kidatoga, wa mwenye duka na wa mhamiaji aliyefika juzi, wote huketi dawati moja. Ugonjwa ukiingia kitongoji chochote, kabla haujajulikana kwa mwenyekiti wala kwa mganga, utakuwa umeandikwa mahali pamoja: katika daftari la mahudhurio. Utakuwa umeandikwa na mwalimu, kwa alama ndogo ya mtoto ambaye hayupo.

Tuchukue mfano. Darasa lina watoto 50. Jumatatu hawapo watatu. Jumanne hawapo wanane. Jumatano hawapo kumi na watano, na waliopo nusu yao wanakohoa. Mwalimu anayeandika alama hizo kwa kutimiza wajibu tu ataona utoro. Atawaandikia wazazi, pengine atawangoja watoto kwa fimbo. Mwalimu anayelisoma daftari lake atauliza: watoto hawa wanatoka kitongoji gani? Wameanza kukosa lini? Wenzao wanasemaje juu yao? Na kwa maswali hayo matatu atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna mtaalamu wa maabara angeweza kuifanya siku hiyo.

Akishaona hivyo, na aseme. Amwambie mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu apeleke habari zahanati na kwa mtendaji wa kijiji, na zahanati iifikishe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Taarifa haihitaji maneno makubwa. Iseme mambo matano: wangapi wanaugua, wa darasa gani na kitongoji gani, tangu lini, kwa dalili zipi, na kama yuko aliyelazwa au aliyefariki. Kazi ya kuthibitisha kwamba ni influenza au si influenza si ya mwalimu. Ni ya wenye vipimo. Kazi ya mwalimu ni kupiga kengele.

Nchi yetu ina utaratibu wa kufuatilia magonjwa na kuchukua hatua, ulioanza kujengwa mwaka 1998, na ina Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Mfumo upo. Fomu zipo. Lakini mfumo hauoni kwa macho yake; unaona kwa macho ya watu walio mwisho kabisa wa mnyororo. Kiungo kimoja kikinyamaza, wote walioko juu wanabaki gizani, huku kila mmoja akiamini kwamba kutokuwapo taarifa ni kutokuwapo ugonjwa.

KUNYAMAZA NAKO HUUA

Hapa sina budi kusema wazi, na mtanisamehe. Kwa nini taarifa huchelewa? Mara chache ni kwa sababu ya ujinga. Mara nyingi ni kwa sababu ya woga na urasimu. Mtendaji anaogopa kuambiwa kwamba kata yake ndiyo inayoleta balaa. Mwalimu mkuu anaogopa shule kuonekana chafu. Mkubwa wa ofisi anataka barua, na barua inataka muhuri, na mwenye muhuri yuko safarini. Kila mmoja anamngoja mwenzake athibitishe, na wakati huo mama mjamzito analala kitandani pa baridi akihema.

Hebu tupime gharama ya jambo hilo kwa hesabu za dunia. Wakati wa mlipuko wa mwaka 2009, vifo vilivyothibitishwa na maabara vilikuwa kama 18,500 katika dunia nzima. Wataalamu waliokaa baadaye kukadiria upya, wakachapisha matokeo mwaka 2012, walisema kwamba katika mwaka wa kwanza ugonjwa ule uliua watu kati ya 151,700 na 575,400, na kwamba kiasi cha nusu ya vifo hivyo vilitokea Afrika na Asia ya Kusini Mashariki. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili ni watu. Ni watu waliozikwa bila kupimwa, bila kuandikwa, bila jirani zao kuonywa. Wengi wao walikuwa watu wa nchi kama yetu na vijiji kama vyetu.

Anayetoa taarifa ya ugonjwa haaibishi kijiji chake, anakilinda. Wakubwa wa kazi nao wana wajibu wao hapa. Msimamizi anayemkaripia mtu kwa kuleta habari mbaya amewafundisha watumishi wake wote kunyamaza, na siku moja atashtuka habari mbaya zaidi ikimfikia kwa njia ya msiba. Taarifa ya mapema iliyoonekana baadaye kuwa si kitu haina hasara kubwa. Taarifa iliyochelewa haina marekebisho.

TUFANYE NINI

Nije sasa kwenye mambo ya kutenda, ambayo si mengi wala si ya gharama.

La kwanza, mgonjwa abaki nyumbani. Mwanafunzi mwenye homa na kikohozi arudishwe kwao kwa upole, asirudi mpaka homa imkome kwa muda wa saa 24 zisizopungua bila kusaidiwa na dawa za kuishusha. Lililo halali kwa mwanafunzi ni halali kwa mwalimu na kwa mtumishi. Tunao ushujaa wa uongo katika ofisi zetu: mtu anakuja kazini anatetemeka, anahudumia watu dirishani siku nzima, na sisi tunamsifu kwa bidii. Hiyo si bidii. Mtumishi anayewakoholea wananchi 100 kwa siku angewatumikia vizuri zaidi akiwa kitandani kwake, na msimamizi asiyempa ruhusa amekuwa mshirika wa ugonjwa.

La pili, hewa. Ninajua baridi ya miinuko ya Mbulu na upepo unaoshuka kutoka Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Ninajua kwa nini madirisha hufungwa mwezi wa Juni na Julai. Lakini chumba kilichofungwa na kujaa watu ndicho kinachopendwa na virusi hivi. Afadhali mtoto avae sweta na dirisha liwe wazi. Katika mabweni, vitanda visogezwe mbali kadiri nafasi inavyoruhusu, na wenzetu wanaougua watengewe chumba chao chenye mtu wa kuwatazama.

La tatu, mikono na kikohozi. Sabuni na maji yanayotiririka, si beseni moja la darasa zima. Mwaka 2020, mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alipothibitishwa mwezi Machi huko Arusha, na kesho yake ikatangazwa kwamba shule zinafungwa, tulijaza ndoo za maji kila mlango. Ndoo zile ziko wapi leo? Kibuyu chirizi hutengenezwa kwa dumu la plastiki, kamba na kijiti. Watoto wa darasa la nne wanaweza kukifanya. Na mtoto afundishwe kukoholea katika kiwiko cha mkono, si katika kiganja ambacho dakika ijayo kitashika kalamu ya mwenzake. Kufunga shule ni dawa nzito, yenye madhara yake kwa masomo na kwa chakula cha watoto. Anayefanya haya madogo mapema huenda asilazimike kufanya lile kubwa baadaye.

La nne, mikusanyiko. Mnada, ibada, harusi, msiba na mkutano wa kijiji ndiyo maisha yetu. Hakuna anayetaka yafe. Lakini wakati wa mlipuko watu wanaweza kukutana nje badala ya ndani, kusalimiana bila kushikana mikono, na kuacha kupokezana kibuyu kimoja cha pombe kutoka mdomo hata mdomo. Wazee wakielezwa sababu, huelewa. Wasipoelezwa, hutuona tunavunja heshima, na wana haki.

Katika jambo hili la wazee naomba tusiende kama wageni. Wairaqw wa nchi hii walikuwa na mila ya kumtenga kwa muda mtu au nyumba iliyofikwa na mikosi ya aina fulani, akakaa kwake bila kuchanganyika na wengine mpaka muda wake umalizike. Sababu zao za zamani hazikuwa zile za hadubini, na mila yenyewe ilikuwa na uzito wake, hasa kwa akina mama. Sisemi tuirudishe. Nasema kwamba wazo la kukaa kando kwa ajili ya usalama wa jirani si wazo geni lililoletwa na maofisa. Linaeleweka hapa. Tuongeze jambo moja: mtu akae kando, lakini asitupwe. Maji, uji na kuni vifike mlangoni pake, na shamba lake lisikose mtu wa kulitazama.

La tano, tupambane na maneno ya uongo kwa upole na kwa hakika. Ugonjwa wa mwaka 2009 uliitwa "mafua ya nguruwe" kwa kuwa virusi vyake vilikuwa na asili ya virusi vya nguruwe. Katika nchi yenye wafugaji wengi wa nguruwe kama Mbulu, jina hilo lingeweza kuharibu riziki za watu bila sababu: ugonjwa ule ulienea kutoka mtu hadi mtu, si kwa kula nyama iliyopikwa vizuri. Lililo kweli ni kwamba virusi vya mafua hubadilika ndani ya wanyama na ndege. Kwa hiyo kuku au nguruwe wakifa au kuugua kwa wingi, habari hiyo nayo ifike kwa afisa mifugo. Uongo mwingine ni kwamba vidonge vya antibayotiki huponya mafua. Havimgusi mdudu huyu; vina kazi pale tu nimonia ya bakteria inapoingia, na hapo ni mganga anayeamua. Watoto wasipewe aspirini. Kujifukiza kunaweza kumpa nafuu aliyezibwa pua, lakini hakuui virusi, na maji ya moto yanaweza kumuunguza mtoto. Apumzike, anywe maji kwa wingi, ale kadiri awezavyo, na atazamwe asije akaonyesha zile dalili za hatari nilizozitaja.

TUMEWAHI KUWEZA

Labda mtu atasema kwamba haya ni mengi kwa vijiji vyetu. Simkubalii. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa redio, vitabu vidogo na vikundi vya kusoma, watu wapatao milioni 2 walikutana kila wiki, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalio ya mbu. Waliokuwa wakiongoza vikundi vile hawakuwa madaktari. Walikuwa walimu, wafanyakazi wa maendeleo, na wananchi waliokuwa wamejua kusoma juzi juzi. Mwalimu Nyerere alikuwa amelifundisha taifa kuyahesabu maradhi kuwa mmoja wa maadui watatu, pamoja na ujinga na umaskini. Na watu wa kawaida walielewa kwamba adui wa namna hiyo hapigwi na jeshi, anapigwa na mazoea mapya.

Na ushahidi wa karibu zaidi tunao Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yalipoporomoka kutoka mlimani yakaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu walikufa, nyumba zikapotea, na baadhi ya waliosalimika wakahifadhiwa katika majengo ya shule. Walimu, wauguzi, watendaji na wananchi walifanya kazi usiku na mchana. Hakuna aliyengoja muhuri. Tuliweza kwa sababu balaa ile ilionekana kwa macho na ilisikika kwa kishindo. Homa ya mafua haina kishindo. Inataka bidii ile ile kwa adui asiyeonekana, na hiyo ndiyo kazi ngumu zaidi.

Ndugu zangu, ninawaomba jambo moja mtakaporudi vituoni mwenu. Kila mkuu wa shule na kila mkuu wa ofisi aandike katika karatasi, aibandike ukutani, jina la kazi ya mtu atakayepelekewa taarifa siku wagonjwa wa homa na kikohozi watakapozidi kawaida, na njia ya kumpata hata kama ni siku ya Jumapili. Kisha walimu wakubaliane kwamba kila Ijumaa daftari la mahudhurio litasomwa, halitafungwa tu. Karatasi hiyo na usomaji huo haviombi bajeti wala kibali cha mtu yeyote. Vinaweza kuanza wiki hii.